Nani Amtoe Nje Mtoto wa Elinipa?

Sogeeni, jamani, nafasi ipo. Nilitaka kuwaambia kila mtu azime simu yake, lakini leo haitafaa, maana hadithi yenyewe ni ya simu. Ziacheni ziwake. Ila ya mtu ikilia na akaipokea, huyo ndiye atakayenipa jibu wa kwanza nikimaliza, na swali langu si rahisi.

Ni hadithi ya watu watatu ambao nawashukuru mpaka kesho. Tatizo langu limo humo humo kwenye shukrani: ilikuja shukrani moja tu, haikatiki vipande, na wa kuipokea wakawa watatu.

Wa kwanza anaitwa Nakijwa. Kipaji chake ni hiki: programu akiiandika mara moja, inafunguka kwenye kila simu. Mnajua zipo simu zenye tunda lililong'atwa, na zipo hizi zetu zisizo na tunda, na hizi mbili haziongei, kama mawifi waliokosana msibani. Kinachokubali huku kinakataa kule. Nakijwa ndiye mpatanishi wao. Nyumbani kwake kuna kikapu cha simu kuukuu, nyingine kioo kimepasuka, nyingine inawaka ikifungwa raba, na kitu chake hakiiti kimekwisha mpaka kifunguke kwenye kikapu chote.

Wa pili anaitwa Sifuni, jina ambalo kwao anaitwa mwanamume na anaitwa mwanamke. Huyu wetu ni mwanamume, mrefu, ana haya. Kipaji chake ni woga. Msicheke, nasema kweli. Ukimwonyesha daraja jipya, yeye anauliza likivunjika tutapita wapi. Ukimwalika harusini anauliza mvua ikinyesha wageni watakaa wapi. Watu humkimbia kwa maswali yake, lakini pesa, wenzangu, pesa hupenda kukaa kwa mtu mwoga.

Wa tatu ni Tunu. Yeye hajui kuandika programu hata mstari mmoja. Kipaji chake ni kuaminika. Alikulia stendi ya Njiapanda, chini ya milima ya Upare, mama yake akiuza chai na maandazi. Ukisahau chenji yako kwa Tunu, alikuwa anakimbiza gari mpaka kona ya kwanza akurudishie, akihema, na unga bado uko mikononi. Madereva wote wa stendi ile wamemwona akikua. Tunu akisema maji yamechemka, hakuna anayechungulia sufuria.

Sasa hao watatu walikuwa na programu yao ya simu, wameipa jina Panda. Kutoka Njiapanda kwenda juu kijijini Irimbo, barabara ni ya mawe na kona, na magari yanayoiweza ni yale ya kizamani yenye magurudumu makubwa. Kwa Panda uliweza kuona magari yako wapi na kumwita dereva. Kulipa ulilipa mkononi, kama zamani. Na hapo kwenye kulipa ndipo palipokuwa na mgogoro.

Madereva wa Njiapanda walikuwa na sheria yao: hela kwanza, ufunguo baadaye. Msiwalaumu haraka. Huko nyuma walikuwa wakiitwa kwa simu tu. "Mzee Mgonja, fanya hima, kuna mjamzito huku juu!" Mzee Mgonja, mmoja wa madereva hao, anapandisha mlima roho juu, anafika, anakuta mjamzito mwenyewe ni magunia ya viazi yamepangwa kando ya barabara, na mwenye viazi anachekacheka. "Mzee wangu, ningekwambia viazi, ungekuja?" Kisha anaahidi kulipa akishauza. Ukifanyiwa hivyo mara kadhaa, moyo unaota sugu. Ndiyo maana wakaapa: asiyelipa kwanza, hata aseme nyumba inaungua, gari haliwashwi.

Kwa watu wa juu hilo lilikuwa balaa, maana wenye pesa wengi hawako juu. Wako Dar, wako Arusha, wako nje ya nchi, na wanaohitaji gari ni mama zao na wake zao. Ndipo Panda ikaamua kuweka malipo ndani yake, mtu alipe popote alipo na dereva apate hela yake papo hapo stendi.

Nakijwa akaanza. Kampuni ya malipo waliyoingia nayo mkataba iliwapa ukurasa wa kulipia, ukakubali kwenye simu za tunda na kugoma kwenye hizi zetu. Akaurekebisha ukakubali kwenye zetu, ukagoma kwenye za tunda. Alikonda. Mama yake alifikiri ana mchumba anayemsumbua. Hatimaye siku moja alimwaga kikapu chote kitandani, akawasha simu moja baada ya nyingine, na kila simu ikaonyesha ukurasa ule ule na kitufe kile kile chekundu kilichoandikwa LIPA. Alikaa chini akalia, akazipanga tena kikapuni.

Sifuni akaendelea. Akatengeneza njia ya pesa: kadi ya benki iguswe ughaibuni, hela itokee kwenye simu ya dereva Njiapanda. Watu wengine wangeishia hapo. Yeye akaanza woga wake. "Mtandao ukikatika katikati? Mtu akidhani haijaenda, akabonyeza tena?" Nakijwa akamwambia, "Sifuni, nani atabonyeza mara mbili?" Akajibu, "Mtu mwenye shida." Basi akaipa kila safari alama yake, ikishalipiwa hailipiwi tena, hata ubonyeze mpaka kidole kichubuke.

Wakaona wamemaliza. Wakaijaribu kwa harusi. Bwana harusi mmoja wa Irimbo akalipia gari la kumshusha kanisani, pesa ikaenda vizuri, dereva akapata meseji kwamba safari imelipwa. Dereva akaisoma, akacheka, akawaonyesha wenzake. "Matapeli wamebuni mpya! Jana nimeshinda bahati nasibu, leo nimelipwa safari." Akaifuta, akaendelea na chipsi zake. Bwana harusi alishuka mlima kwa miguu, suruali nyeupe imekuwa na rangi ya ugoro mpaka magotini, na picha zipo. Pesa ilifika, gari halikutikisika.

Hapo ndipo Tunu aliposema, "Ninyi mmeandika. Hawa watu hawaamini maandishi, wanaamini mtu." Akajifungia chumbani na simu, akarekodi sauti yake. Hakurekodi tangazo moja la wote. Alirekodi jina la kila dereva wa stendi, mmoja mmoja, na salamu yake, na jina la kila kijiji cha juu. Toka siku hiyo, safari ikilipwa, simu ya dereva ilisema kwa sauti ya Tunu: "Shikamoo, Mzee Fulani. Ni Tunu. Safari imelipwa. Washa gari." Na madereva, nawaapia, walikuwa wakiitikia simu: "Marahaba, mwanangu." Kisha wanachukua funguo.

Hayo yalikuwa matayarisho. Sasa sikilizeni lenyewe.

Ilikuwa Ijumaa ya masika, mchana. Elinipa, binti wa Bibi Navoneiwa, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mumewe, Kiangi, ni mpishi wa hoteli Maskati. Bibi Navoneiwa akamwita muuguzi wa zahanati ya Irimbo. Muuguzi akapapasa tumbo, akapapasa tena, akamvuta bibi pembeni. "Mama, mtoto amekingama. Hapa kwangu hatoki. Lazima ashuke hospitali, na ashuke sasa."

Mnajiuliza nayajuaje. Muuguzi mwenyewe ni mimi. Mikono hii ndiyo iliyopapasa.

Bibi Navoneiwa akampigia Mzee Mgonja. Nilikuwa pale, nilisikia.

"Baba Mgonja, nakuomba kwa heshima zote, binti yangu anajifungua vibaya."

"Mama Navoneiwa, mimi nakuheshimu sana. Lakini mjamzito wa mwisho niliyemfuata huko kwenu alikuwa viazi."

"Si viazi, baba! Ni Elinipa!"

"Basi lipieni, mama. Ni sheria ya wote, nikiivunja mimi kesho stendi hainiweki."

Ndani ya nyumba hapakuwa na hela ya gari. Bibi akampigia mkwe wake. Kiangi alipokea akiwa jikoni, vyombo vinagongana nyuma yake. "Mama, ofisi za kutuma pesa zimefunga, watu wako kwenye swala. Subiri... subiri, mama, usikate." Alikuwa na simu ya tunda aliyoachiwa na bosi wake. Akafungua Panda. Akaona ukurasa ule ule ambao bibi alikuwa anauona kwenye kisimu chake chenye kioo kilichopasuka, jina la Irimbo, kitufe chekundu. Akabonyeza.

Ikazunguka. Haikujibu. Akabonyeza tena, na tena, kama anavyogonga mlango mtu aliyesikia kilio ndani. Kadi ile ilikuwa na pesa ya gari na pesa ya hospitali, ya kutuma ofisi zikifunguliwa, na baada ya hapo haikuwa na kitu. Panda ingekata kila alipobonyeza, Elinipa angefika hospitalini mikono mitupu na dawa za upasuaji zingemsubiri dukani. Ikakata mara moja. Mara zile nyingine zote ilimjibu kwa upole: safari hii imekwisha kulipwa.

Kule Njiapanda, Mzee Mgonja alikuwa anapuliza chai. Mfuko wa shati ukasema: "Shikamoo, Mzee Mgonja. Ni Tunu. Safari ya Irimbo imelipwa. Washa gari." Akasema "Marahaba," na hapo hapo akashtuka, akasema, "Basi ni Elinipa kweli!" Chai aliimwaga. Wenzake wanasema hawajawahi kuliona gari lile likipanda namna ile, na wao wanalifahamu tangu lilipokuwa na rangi.

Na sisi juu? Tulikuwa na kisimu cha bibi. Kila simu yenye Panda huonyesha kigari kidogo kikitembea kwenye ramani, na Elinipa alikishika kisimu kile kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Uchungu ukija anafumba macho, ukipita ananiuliza.

"Dada muuguzi, kimefika wapi?"

"Kimevuka mto."

"Sasa?"

Nikatazama. Kigari kilikuwa kimesimama. Nikasema ukweli. "Kimesimama, mdogo wangu." Akafumba macho, lakini simu hakuiachia. Tukasubiri. Mvua inapiga bati. Baadaye yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Kinatembea." Mzee Mgonja alikuwa amenasa kwenye tope, akajitoa kwa jembe. Elinipa aliniambia siku nyingine kwamba alikuwa amekwisha kukata tamaa, na kilichomshikilia ni kile kigari. Alijiambia atastahimili mpaka kona inayofuata, halafu ile nyingine.

Tulimlaza nyuma ya gari, nikakaa nimemshika mgongo mpaka chini. Madaktari walifanya kazi yao. Nilipokisikia kile kilio cha mtoto nyuma ya mlango nililia mbele za watu, sikuona aibu. Daktari alitoka akaniambia, "Mngechelewa kidogo tu, ningekuwa nawaambieni maneno mengine." Sikumuuliza maneno gani. Ni mtoto wa kike, ana nywele nyingi na sauti ya kugombeza.

Sasa mtanziko wenyewe.

Kwenye ukoo wa Elinipa, mtoto aliyeponea chupuchupu hapewi jina hivi hivi. Analetwa nyumbani amefunikwa gubigubi, anakaa ndani na mama yake, anaitwa Mgeni, mpaka aje yule aliyemfungulia njia ya kuja duniani. Huyo anampokea mtoto mlangoni, anavuka naye kizingiti, anamwonyesha jua kwa mara ya kwanza, na pale pale nje anamnong'oneza jina lake mwenyewe sikioni. Tangu hapo wanakuwa wajina, na mtoto ana nyumba ya pili maisha yake yote. Jina huwa moja. Bibi Navoneiwa halegezi hapo. "Mtoto mwenye wajina wawili," anasema, "siku akigombezwa nyumbani atasimama njia panda hajui akimbilie kwa nani."

Kiangi akapewa likizo fupi, akaja. Aliitwa Nakijwa, akaitwa Sifuni, akaitwa Tunu. Walikuja wamevaa vizuri, hawakujua wameitiwa nini. Mama yangu, walipoambiwa! Sifuni alirudi nyuma hatua nzima, utadhani kaonyeshwa nyoka.

Kiangi alisimama uani akasema, "Mimi baba yake nasema Sifuni. Nilikuwa mbali, nimechanganyikiwa, nabonyeza kama kichaa. Yeye alinifikiria kabla hata hajanijua. Alijua siku moja kutakuwa na mtu mwenye shida atakayebonyeza ovyo, akamwekea kinga. Bila yeye mke wangu angefika hospitali nami sina hata senti. Kaka, nakushukuru. Mwanangu ataitwa Sifuni."

Bibi Navoneiwa akatikisa kichwa. "Mkwe wangu, umesema vizuri, lakini hukuwapo. Mimi nililia kwenye simu, mama mtu mzima, na gari halikuwashwa. Akasema Tunu, likawashwa. Kilio changu hakikuaminika, sauti yake ikaaminika. Mtoto aliyekuja kwa neno la mtu na achukue jina la mtu huyo. Ni Tunu."

Kumbe Elinipa anasikia. Akasema kutoka ndani, maana naye haruhusiwi kutoka kabla ya mtoto: "Mama, Baba Mgeni, mimi ndiye niliyezaa. Ninyi mlikuwa na simu za kupiga. Mimi nilikuwa na kile kigari tu. Kisimu cha mama kimepasuka, hakifungui kitu chochote cha maana, lakini Panda kilifungua, kwa sababu kuna mtu alikataa kuziacha nyuma simu za watu kama sisi. Ningekata tamaa mlimani. Mwanangu ni Nakijwa."

Mzee Mgonja, aliyekuwa ameegemea gari lake, akakohoa. "Na mimi je? Aliyechimba tope ni nani?"

Bibi akamgeukia. "Wewe, baba, ulilipwa."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikaufyata, maana nilikuwa karibu kuuliza la kwangu, na muuguzi naye ana mshahara.

Basi wakaulizwa wenyewe. Mngetegemea wagombee, sivyo? Ingekuwa rahisi, tungempa yule asiyegombea. Lakini Nakijwa alisema, "Nilichoandika mimi ni ukurasa na kitufe. Kitufe kisichopitisha pesa ni pambo. Mpeni Sifuni." Sifuni akasema, macho chini, "Pesa yangu ilifika hata siku ya harusi, na bwana harusi alitembea kwa miguu. Mpeni Tunu." Tunu akasema, "Mimi nina sauti tu. Aliyeipa mdomo ndani ya kila simu ni Nakijwa. Mpeni yeye." Wakarudi pale pale walipoanzia, wanapeana heshima kwa kuzunguka, na kila mmoja macho yamelowa. Nimeona watu wakigombania mali, hilo nimelizoea. Watu wakisukumiana neema sikuwa nimeona.

Nakuona wewe hapo nyuma unataka kusema wambebe wote watatu. Mlango ule ni mwembamba, wa mtu mmoja. Na wewe unayetaka kusema wapige kura ya vijiti, mwambie hivyo Elinipa usoni, baada ya kona zile zote.

Na muda haupo. Kiangi anaondoka leo, ndege haimsubiri mtu. Mkoba wake uko kwenye gari. Anachotaka ni kimoja, amwone binti yake juani, amsikie akiitwa jina, aende nalo Maskati. Na hapo hapo, wakati wanatazamana, mfuko wa shati la Mzee Mgonja unasema: "Shikamoo, Mzee Mgonja. Ni Tunu. Safari ya kushuka imelipwa. Washa gari." Mzee, kwa mazoea, anaitikia, "Marahaba, mwanangu," na mwenye sauti amesimama mbele yake.

Gari linawashwa. Bibi Navoneiwa anaingia chumbani, anamnyanyua Mgeni aliyefungwa kanga mpya, anakuja naye mpaka kwenye kizingiti, na hapo anasimama. Jua limefika mlangoni, limegusa vidole vya mtoto. Nje wako watatu, na mikono ya kila mmoja iko tayari ingawa mdomo wake unakataa.

Bibi anageuza uso. Hawatazami wao, anakutazama wewe. Haya, mtoto huyu. Unamweka mikononi mwa nani?